SOMO LA WAFANYAKAZI: KULAZA RAMANI JUU YA RAMANI



Siku hizi ramani imekuwa mjumbe wa kudumu katika vikao vyetu na waajiri. Meneja anapotaka kuhamisha laini ya nyumba, kupanua mashamba ya miwa au kutangaza sehemu za kupulizia dawa, haji tena na maneno matupu. Huja na ramani ya rangi iliyotoka kwenye kompyuta, na chini yake pameandikwa hesabu: hekta kadhaa, nyumba kadhaa. Wajumbe wetu wengi huzitazama zile rangi, hutikisa kichwa, kisha hutia sahihi.

Tunasema hivi: hesabu ile haikushuka kutoka mbinguni. Yuko mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, akachagua zana moja na kuacha nyingine. Ramani mbili zilezile zikipitishwa katika zana tofauti hutoa majibu tofauti, na kila jibu huwa kweli kwa swali lake. Kwa hiyo mfanyakazi asiyejua zana ipi imetumika hajui swali gani limejibiwa. Hilo ndilo somo la leo.

1. KAZI HII ILIANZIA WAPI

Wako wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wataalamu wa mbali, hayatuhusu sisi wa shambani na kiwandani. Kumbe yalianza na swali la shamba na kiwanda, tena hapa hapa Afrika Mashariki.

Karibu na mwaka 1960 mtaalamu wa jiografia, Roger Tomlinson, alikuwa mfanyakazi wa Spartan Air Services, kampuni ya Ottawa, Kanada, iliyopima ardhi kwa picha za ndege. Kampuni hiyo ilitakiwa kutafuta mahali pa kupanda miti na kujenga kiwanda cha karatasi nchini Kenya. Mahali panapofaa hapawezi kujulikana kwa kutazama jambo moja tu. Ilipasa kujua mteremko wa ardhi, hali ya hewa, njia za usafiri na mengineyo, na kila jambo lilikuwa na ramani yake. Hesabu ilipopigwa, ilionekana kwamba kuzilaza ramani hizo kwa mkono na kupima kila kipande kungegharimu fedha nyingi mno. Mpango ukakataliwa.

Tomlinson hakuliacha jambo hilo. Alijiuliza kama kompyuta ingeweza kuifanya kazi ile. Mwaka 1962, ndani ya ndege, alikutana na Lee Pratt, mtumishi wa serikali ya Kanada aliyehusika na mpango wa kuorodhesha ardhi ya nchi yake na matumizi yake. Katika mazungumzo hayo ulianza mfumo wa kwanza mkubwa wa taarifa za kijiografia, ambao Kanada iliujenga katika miaka ile ya 1960.

Wakati ule kompyuta ilijaza chumba kizima. Leo kazi hiyo hufanyika katika kompyuta ndogo ya mkononi, kwa programu ya bure kama QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002. Maana yake ni kwamba zana anazotumia mwajiri, tawi la chama nalo laweza kuwa nazo. Kinachobaki ni kujua kuzichagua.

2. NENO “TABAKA”

Katika kazi ya ramani, tabaka ni karatasi moja yenye jambo moja. Mito ni tabaka, nyumba ni tabaka, ploti za chai ni tabaka. Msomaji asilichanganye na tabaka tulizoea kulisema katika semina za chama, ingawa mbele tutaona kwamba mara nyingine la ramani hulificha lile la watu.

Kila umbo katika tabaka lina habari zake, zilizoandikwa katika jedwali. Ploti ina namba, ukubwa na jina la dawa inayopulizwa. Nyumba ina idadi ya wanaolala ndani. Tunapolaza tabaka juu ya tabaka tunashughulika na mambo mawili: maumbo na habari. Zana hutofautiana katika mambo hayo: ni maumbo yapi yanabaki, na ni habari zipi zinabaki.

Liko pia tabaka linalotengenezwa, yaani ukanda. Tukiwa na mstari wa mto, twaweza kuiamuru kompyuta ichore ukanda wa mita kadhaa kila upande. Mita ngapi? Hapo husema sheria. Nchini Uganda kanuni za mwaka 2000 ziliweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine. Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60. Kabla ya kuchora, tafuteni sheria ya nchi yenu kama ilivyo leo. Ukanda uliochorwa kwa sheria ya jirani hautawasaidia mezani.

3. ZANA NA KAZI ZAKE

Tuchukue mfano wa darasani, ambao hesabu yake ni rahisi. Tabaka la kwanza ni shamba la chai la hekta 600, lililogawanywa katika ploti. Tabaka la pili ni ukanda wa mto wenye hekta 50. Kati ya hizo, hekta 40 zimo ndani ya shamba, na hekta 10 ziko nje, kwa wakulima wadogo walio jirani.

Majina ya zana hutofautiana kidogo kati ya programu moja na nyingine, kwa hiyo tushike kazi yake kuliko jina lake.

(a) Kukata. Zana hii hufanya kama fundi cherehani anayekata kitambaa kwa kufuata kigezo. Tukiukata ukanda kwa umbo la shamba, tunapata hekta 40. Lakini kigezo hutoa umbo tu, hakitoi habari zake. Vipande hivyo vitajua jina la mto, havitajua namba ya ploti wala dawa. Zana hii yafaa kupunguza ramani kubwa, kama vile ya wilaya nzima, ibaki sehemu tunayoihitaji.

(b) Makutano. Hapa pia tunapata hekta 40, ila kila kipande huchukua habari za pande zote mbili: jina la mto, namba ya ploti na dawa. Hii ndiyo zana ya swali, “Ni ploti zipi zinazopulizwa dawa ndani ya ukanda wa mto?” Ubaya wake ni kwamba kila kisichokutana hutoweka. Asiyekuwemo katika makutano hayumo katika hesabu.

(c) Kuondoa. Tunatoa ukanda katika shamba, zinabaki hekta 560. Yafaa kwa swali, “Ukanda ukiachwa bila kulimwa, kazi itabaki katika hekta ngapi?” Hilo ni swali la ajira, na sisi tuliulize mapema kabla hatujaulizwa.

(d) Kutia alama. Shamba lote la hekta 600 linabaki, lakini limegawanyika: hekta 40 zina alama ya ukanda, hekta 560 hazina. Hakuna kilichopotea ndani ya shamba. Zile hekta 10 za jirani hazimo.

(e) Muungano. Vyote vinabaki: hekta 560 za shamba peke yake, 40 za shamba na ukanda, na 10 za ukanda peke yake. Jumla ni hekta 610. Zana hii yafaa mwanzo wa mazungumzo, wakati hatujajua bado nani ataguswa. Wale wakulima wadogo wa ng'ambo wanaonekana hapa, na wengi wao ni ndugu na jamaa zetu wanaokunywa maji ya mto uleule.

(f) Kuunganisha kwa mahali. Hii haikati kitu. Kila nyumba, ikiwa imechorwa kama nukta, hupewa habari za eneo ilimosimama. Zana nyingine ya namna hiyo huipa nyumba habari za ploti iliyo karibu nayo zaidi, na umbali wake kwa mita. Kwa maswali ya watu na nyumba, mara nyingi hii ndiyo bora, maana nyumba haigawanyiki.

Tazama sasa: 40, 560, 600, 610. Hesabu nne, zote sahihi, kutoka ramani mbili tu. Mtu akikuletea moja, haki yako ni kumwuliza kuhusu zile nyingine.

4. SWALI HUTANGULIA ZANA

Chukua shamba lenye matabaka manne: mto, ploti zenye dawa, nyumba za wafanyakazi, na mahali pa kuchotea maji.

Mwajiri anasema, “Sheria inakataza makazi kando ya mto.” Analaza nyumba juu ya ukanda, anatumia makutano, anapata nyumba 14 za kuhamishwa. Ramani yake haina kosa. Lakini sheria hiyo inaulinda mto, na mto hauchafuliwi na nyumba peke yake. Tulaze ploti zenye dawa juu ya ukanda uleule. Tuchore ukanda mwingine kuzunguka ploti hizo, kisha tutazame ni nyumba ngapi na visima vingapi vimo ndani yake. Matabaka yote yalikuwamo katika kompyuta tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba mwajiri alichagua jozi moja, na sisi tumechagua nyingine.

Hapo ndipo tabaka la ramani linapolificha tabaka la watu. Haikuhitajiwa kusema uongo. Ilitosha kutouliza.

Kwa hiyo tunashauri utaratibu huu. Kwanza andikeni swali kwa Kiswahili cha kawaida, katika sentensi moja. Pili, semeni ni matabaka gani yanahitajika. Tatu, amueni nini kisipotee. Nne, ndipo mchague zana. Anayeanza na zana huishia kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

5. MITEGO YA HESABU

Mtego wa kwanza ni wa idadi. Tuseme kambi moja imechorwa kama eneo, na jedwali linasema ina watu 120. Ukanda unaikata kambi vipande viwili. Kompyuta hunakili habari katika kila kipande, hivyo kila kimoja kitasema watu 120, na mwenye kujumlisha atapata 240. Watu hawakuzaana, ni jedwali limenakiliwa. Hata ukubwa wa hekta uliokuwa umeandikwa hubaki ule wa zamani, mpaka mpige hesabu upya baada ya kukata.

Wako wanaotengeneza kosa hilo kwa kugawa watu kwa ukubwa: nusu ya kambi imo, basi watu 60. Hiyo ni sawa ikiwa watu wametawanyika sawasawa, na katika kambi zetu hawakutawanyika hivyo. Upande mmoja kuna nyumba, upande mwingine kuna kiwanja cha mpira, na kiwanjani hakulali mtu. Dawa yake ni kuchora kila nyumba kama nukta, na kuhesabu wanaolala kwa kubisha hodi mlango kwa mlango.

Mtego wa pili ni wa vibanzi. Mpaka uleule ukichorwa na watu wawili haulingani kabisa. Tukilaza ramani hizo, kati ya mistari hutokea vipande vyembamba kama nyuzi, ambavyo havipo ardhini. Vikihesabiwa, ploti ambayo haigusi ukanda itaonekana inaugusa. Kipande chembamba mno kichunguzwe kwa miguu kabla ya kuandikwa.

Mtego wa tatu ni wa skeli. Katika ramani ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50 ardhini. Ukanda wa mita 30 katika ramani hiyo ni zaidi kidogo ya nusu milimita, yaani unene wa mstari wa kalamu. Ramani kama hiyo haiwezi kuamua kama nyumba ya mtu imo au haimo. Kompyuta itajibu bila kusita, maana haijui aibu.

Mtego wa nne ni wa kipimo. Ramani ikiwa imepimwa kwa digrii, ukiandika 30 kompyuta yaweza kuelewa digrii 30, nazo ni zaidi ya kilomita 3,000. Hakikisheni kwanza kwamba tabaka liko katika mita.

6. KOSA TULILOLIFANYA SISI WENYEWE

Mtego wa tano tutausimulia, kwa sababu ulitunasa.

Tulipoanza kazi hii tulikuwa na ramani ya zamani yenye mto na barabara. Vijana wawili wa tawi walizunguka na simu wakachukua mahali pa kila nyumba kwa setilaiti. Tulipolaza nyumba juu ya ramani, laini nzima ya chini ikaonekana iko ng'ambo ya mto. Hatukushtuka. Tulifurahi, kwa kuwa ilionekana kana kwamba mipaka ya shamba ilikuwa imechorwa kwa udanganyifu. Tukaandika barua kali.

Kabla haijapelekwa tuliisoma mbele ya wanachama. Mama mmoja mchuma chai, aliyekaa laini ile tangu ujana wake, akaitazama karatasi, akasema, “Wanangu, mimi maji nachota upande huu. Mto huo sijauvuka ila siku ya kwenda harusini.” Watu wakacheka. Barua ikarudi mfukoni.

Kosa lilikuwa hili. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilipimwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu na setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zilezile katika misingi hiyo miwili huonyesha mahali pawili vilivyoachana kwa kiasi cha mita 300, hasa kaskazini na kusini. Ukanda wetu ulikuwa wa mita 30, na kosa letu lilikuwa mara kumi yake. Tungeipeleka barua ile, mwajiri angetuaibisha siku hiyo, na siku nyingine tukiwa na haki asingetusikiliza.

Tangu hapo tuna desturi moja. Kabla ya kutumia zana yoyote, tunatafuta kitu kinachoonekana katika matabaka yote mawili, kama daraja au lango la kiwanda. Vikilala pamoja tunaendelea. Visipolala pamoja, tunaieleza programu msingi wa kweli wa kila tabaka, kisha tunaiamuru ibadilishe moja lifuate jingine. Na mwisho kabisa tunawaonyesha ramani wanaokaa pale. Hao ndio wapimaji wa mwisho.

7. ZOEZI LISILOHITAJI KOMPYUTA

Tawi lisilo na kompyuta lisikate tamaa. Mwaka 1969 Ian McHarg, mzaliwa wa Skoti, alieleza katika kitabu chake Design with Nature namna ya kuchagua ardhi kwa kulaza karatasi angavu zilizotiwa kivuli. Nasi twaweza kufanya hivi.

Chukueni ramani ya shamba ya skeli ya 1:5,000 na karatasi tatu nyepesi zinazopenyeza mwanga. Katika ya kwanza fuatisheni mto na ukanda wake. Mita 30 zitakuwa milimita 6. Katika ya pili chora ploti zinazopulizwa dawa. Katika ya tatu weka nukta moja kwa kila nyumba. Katika kila karatasi weka alama ya daraja lilelile, ili mziweke sawa. Kisha zibandikeni dirishani mwanga upite.

Ili kupata hekta, chora miraba ya sentimita moja. Katika skeli hiyo kila mraba ni mita 50 kwa mita 50, na miraba minne ni hekta moja. Hesabuni miraba yenye mto na dawa pamoja: hayo ni makutano. Hesabuni yenye dawa bila mto: huko ni kuondoa. Hesabuni yote: huo ni muungano. Aliyefanya hivyo mara moja kwa kidole chake hatababaishwa tena na rangi za kompyuta.

8. MASWALI YA KUULIZA MEZANI

Wajumbe wetu wanapoletewa ramani, kabla ya kutia sahihi waulize:

Ramani hii inajibu swali gani, na nani aliliandika?
Ni matabaka gani yametumika, ya mwaka gani, na ya skeli gani?
Ni zana gani iliyotumika, na ni nini kilichotoweka baada ya kuitumia?
Hekta na idadi ya watu zimepigwa hesabu upya baada ya kukata?
Msingi wa vipimo ni upi, na ulikaguliwa kwa kitu gani ardhini?
Nyumba iliyoguswa kidogo tu na ukanda imehesabiwa imo au haimo?

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

(i) Katika shamba au kiwanda chenu, ni tabaka gani ambalo mwajiri hulileta daima, na ni lipi hajapata kulileta?

(ii) Mnataka kujua ni watoto wangapi wanaolala karibu na ploti zenye dawa. Mtatumia kukata, makutano, au kuunganisha kwa mahali? Toeni sababu.

(iii) Mwajiri ameleta ramani ya hekta 560, nyinyi mmepata 610. Je, mmoja wenu amekosea? Elezeni.

(iv) Ni nani katika tawi lenu anayeijua ardhi kuliko ramani, na mara ya mwisho mlimwonyesha ramani lini?

Majibu yaandikwe katika daftari la tawi, na karatasi zenu tatu zihifadhiwe pamoja nalo. Siku ya kikao zichukueni zote, pamoja na mmoja wa wale mliowataja katika swali la nne.